Rehema, kabla hujabadilisha injini

Tabata, Dar es Salaam

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Natumaini mama anaendelea vizuri na goti lake, na watoto wameshazoea shule mpya. Juzi uliponishusha Buguruni nilikuwa bado na mengi ya kukwambia, ila wa nyuma walishaanza kupiga honi. Nimeona niyaandike, maana kwenye simu ungeitikia "sawa, sawa" halafu ukasahau nusu.

Umesema Corolla lako linakunywa mafuta, na fundi amekushauri ubadilishe injini. Nakuomba usibadilishe chochote kwanza. Tangu Mnazi Mmoja mpaka Buguruni nilikuwa nautazama mguu wako wa kulia. Injini ile ni nzima, haitoi moshi wala haigongi. Lakini kila ukiona uwazi wa gari mbili mbele yako, unakanyaga mafuta kama unakimbizwa, na kabla hujahesabu tatu umeshakanyaga breki. Petroli iliyolisukuma gari unakwenda kuigeuza joto kwenye pedi za breki. Barabara ya Uhuru peke yake ulifanya hivyo mara nyingi mno, na kutoka Kariakoo hadi Gongo la Mboto unafanya asubuhi na jioni.

Gari la auto la zamani lina sababu yake ya kuchukia mwendo huo. Chukua mapangaboi mawili, uyaelekezanishe uso kwa uso, uwashe moja. Upepo wake utalizungusha la pili, ingawa hayajagusana. Kati ya injini yako na gia boksi mna kitu cha namna hiyo, mafundi wanakiita toki konveta, na badala ya upepo mna oili. Unapoondoka kwa pupa, pangaboi la injini linazunguka kwa kasi huku la pili likisuasua nyuma yake, na tofauti hiyo inaishia kuwa joto ndani ya oili. Magari mengi ya umri wa hilo lako yana kufuli linaloyashika mapangaboi hayo yakawa kitu kimoja, lakini kufuli hilo halifungi mpaka injini iwe imepata moto, gari liwe kwenye gia ya juu na mwendo uwe umetulia. Kwenye foleni hulipati. Ndiyo maana mjini mguu ndio unaoamua.

Basi fanya hivi. Gari la mbele likiondoka, achia breki tu, usiguse mafuta. Auto inatambaa yenyewe. Ikishaanza kwenda ndipo uongeze mafuta taratibu. Ukifika kama 40 legeza mguu kidogo, usiutoe wote, utasikia sauti ya injini inashuka. Hapo gari limepandisha gia, kwa sababu umelionyesha kwamba huna haraka. Ukiendelea kukandamiza linabaki gia ya chini likipiga kelele, na ukizamisha pedeli mpaka chini linarudi gia nyuma kabisa. Hilo lina siku yake, kama unalipita lori Morogoro Road na unahitaji nguvu. Halihusiani na foleni ya Kariakoo.

Na utazame mbali. Usiitazame taa ya breki ya bajaji iliyo mbele yako, tazama gari la tano au la sita. Ukishapanda daraja la Mfugale pale Tazara unaona kabisa kama upande wa Jeti pamesimama. Kama pamesimama, toa mguu kwenye mafuta ungali juu, uliache gari lishuke lenyewe likiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele. Lisitiwe N, yaani huru. Najua binamu yako anazima mpaka injini akiona mteremko, akidhani anaokoa. Injini ikizimwa, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na hapo bodaboda ndipo hukatiza. Tena hakuna anachookoa kwa kuweka N. Injini ya sindano kama yako, yaani inayopuliziwa petroli kwa nozeli, gari likiwa ndani ya gia na mguu hauko kwenye mafuta, inajikatia petroli yenyewe mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya kusimama. Ukiweka N inabidi ichome petroli ili isizime.

N iweke pale foleni inaposimama kweli, trafiki ameshika upande wa pili na watu wameanza kununua karanga. Vuta handbreki, tia N, pumzisha mguu. Kwa kusimama kwa sekunde chache baki na D. Na kile kitufe cha pembeni ya gia chenye O/D, juzi nilikuta taa yake inawaka kwenye dashibodi, imeandikwa O/D OFF. Maana yake umelinyima gari gia yake ya nne, nikakibonyeza bila kukwambia. Kiache hivyo taa izimike. Ukipeleka mizigo kwa shangazi Kisarawe na gari likawa linapandisha gia na kushusha, linapandisha na kushusha kwenye vilima vya Pugu, hapo ndipo ukizime, kisha ukumbuke kukirudisha.

Hayo ya mafuta ndiyo mepesi. Linaloninyima raha ni gia boksi, kwa sababu gia boksi yangu mwenyewe iliniharibikia nikidhani kuwa naitunza. Ile Carina yangu ya kwanza niliipeleka gereji moja kumwaga oili ya gia boksi. Kijana akaweka oili aliyokuwa nayo kwenye dumu, nami sikuuliza ni ya aina gani. Baada ya majuma machache nikawa nikitia D gari linakaa kwanza, kisha linashtuka kama limepigwa teke. Nilivumilia, nikaendelea kuliendesha, mpaka siku moja kwenye Mandela Road injini inalia na gari haliendi. Nililia ndani ya gari lile, Rehema. Nililipa gia boksi nyingine kwa pesa ya kuezekea nyumba.

Kwa hiyo oili ya gia boksi isiwe jambo la kuachiwa mtu. Toyota nyingi za zamani zina kijiti chake cha kupimia, na mara nyingi aina ya oili imeandikwa hapohapo kwenye kijiti. Isome kabla hujaenda dukani, ununue mwenyewe, usimame pale inapowekwa. Kuipima ni tofauti na oili ya injini: gari liwe limetembea likapata moto, lisimame pa tambarare, injini inanguruma, umekanyaga breki, upitishe gia zote polepole kutoka P mpaka L na kurudi P, ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, uchomoe tena. Oili nzuri ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, nipigie kabla hujamgusa fundi yeyote. Ikiwa ya waridi kama imetiwa maziwa, maji yameingia, usiliwashe tena.

Maji hayo mara nyingi hutoka kwenye rejeta iliyotoboka kwa ndani, kwa kuwa oili ya gia boksi inapita humo kupoa. Lakini yanaweza kutoka barabarani pia. Masika yakishika na Jangwani pakafunikwa, usifuate daladala ukidhani nawe utapita. Gia boksi ina tundu lake la kupumulia, na ikishafunikwa inavuta maji ya Mto Msimbazi ndani. Subiri, au zunguka.

Mengine haraka, maana mtoto anauliza chakula. Usitie R wakati gari bado linakwenda mbele, hata kwa mwendo wa konokono, simamisha kabisa. Ukiegesha, breki ya mguu kwanza, vuta handbreki, achia breki kidogo gari lilale juu ya handbreki, ndipo utie P. Usipofanya hivyo uzito wote unaning'inia kwenye kijino kidogo ndani ya gia boksi, na ule mlio unaoushangaa asubuhi ukitoa P pale kwenu kwenye mteremko ndio huo. Upepo wa tairi pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni kwa dereva. Na likikuharibikia, usikubali kuvutwa kwa kamba mpaka Gongo la Mboto. Pampu ya oili ya gia boksi inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na tairi za mbele zinazunguka, vyuma vinasagana vikavu. Ita gari la kubeba, au wanyanyue tairi za mbele.

Sasa fanya jaribio kabla ya kumjibu fundi wako. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kile kihesabio cha safari kwenye sifuri, uendeshe juma zima kama nilivyokueleza, kisha rudi sheli ileile ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilomita 270 ukaongeza lita 30, ni kilomita 9 kwa lita. Andika kwenye daftari. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo ukihesabu kwa shilingi utachanganyikiwa. Hesabu kwa lita.

Ikiwa baada ya majuma mawili namba haijasogea, tutaangalia plagi, ea klina (chujio la hewa), na kama kuna breki inayoshika. Jumamosi ya pili nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Njoo na daftari, na uje polepole.

Msalimie mama na wanao wote.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi