Yule kondoo wa Zurbarán

Shoga yangu mambo? Uliniuliza mbona mapicha ya kanisani ya Wazungu wa zamani ni damu na visu tu, haya kaa kitako.

Waprotestanti walikuwa wanavunja sanamu makanisani, sasa Mtaguso wa Trento, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulivyofungwa 1563 Wakatoliki wakasema picha zibaki, ziwafundishe watu na ziwape moyo wa ibada. Ndo wachoraji wakaanza kukuletea sadaka za kuchinja mpaka puani. Mcheki Caravaggio, mchoraji wa Italia, picha yake ile iliyopo makumbusho ya Uffizi kule Firenze, ya 1603 hivi, Ibrahimu kamkandamiza Isaka juu ya jiwe (kwao ni Isaka sio Ismail, usianze ubishi) na mtoto anapiga kelele mdomo wazi, yaani ni mtoto kabisa anaogopa kufa. Malaika kamdaka baba mkono, na kichwa cha kondoo kipo pale pale karibu na cha mtoto. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi ambaye hata Mkatoliki hakuwa, ya kwake ya 1635 kisu kimeshamponyoka kiko hewani, na kiganja cha baba kimefunika uso mzima wa mtoto. Mi hicho kiganja kinanitisha kuliko kisu.

Ila aliyenimaliza ni Zurbarán, Mhispania. Yake ipo makumbusho ya Prado, Madrid, kaichora kati ya 1635 na 1640, kapicha kadogo tu, upana sentimita 62. Hamna malaika, hamna msalaba, hata tone la damu hamna. Kondoo mmoja na vipembe vyake kalazwa juu ya meza ya kijivu, nyuma giza totoro, miguu yote minne imefungwa kamba pamoja, na bado mzima! Manyoya yamejisokota unatamani kuyashika. Mkatoliki hauliziulizi, kila misa anasikia Mwanakondoo wa Mungu, anajua ni Yesu na hiyo meza ni altare, ile meza ya sadaka kanisani. Halafu kafunga mdomo, kama Isaya 53 kwenye Biblia inavyosema, tofauti na yule mtoto wa Caravaggio. Sasa jiulize mwenye kisu yuko wapi? Kwenye picha hayupo, aliyesimama mbele ya meza ni wewe unayeangalia. Hapo ndo naona jamaa kawapiga bao wenzie wote.

Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania, anasema kuna mtu Sevilla alikuwa na kondoo wa Zurbarán na alisema hambadilishi na kondoo 100 wazima. Kwa bei za Idd hizi, huyo alikuwa na hela shoga!