Kipimo kinasema moyo wangu hauna kasoro: je, niendelee kupima?

Mheshimiwa Daktari,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mwanamke wa miaka 43. Tangu mwezi wa Sita moyo wangu umekuwa ukienda mbio ghafla, hata nikiwa nimekaa nasahihisha madaftari. Huanza kwa kishindo, kana kwamba mtu ananigonga kifua kwa ndani, hudumu dakika tano au kumi, kisha hutulia ghafla vilevile. Siku moja nilihesabu mapigo kwa saa ya ukutani nikapata 156 kwa dakika, ilhali nafahamu kuwa mtu mzima aliyetulia huwa na kati ya 60 na 100.

Nilikwenda hospitali. Shinikizo la damu lilikuwa sawa, wingi wa damu sawa, na kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro yoyote. Daktari aliniambia kwa upole kwamba ni wasiwasi tu, nipunguze kahawa na nilale mapema. Kahawa nimeiacha kabisa (kwa mtu aliyekulia Tanga hilo si jambo dogo), lakini hali imenirudia mara tatu. Kinachonitatiza ni kwamba kipimo kile kilirekodi sekunde chache tu, asubuhi ambayo moyo ulikuwa shwari. Ni sawa na kumkagua mwanafunzi mtoro siku aliyohudhuria.

Liko jingine ambalo sikumweleza, kwa kuwa hakuniuliza nami niliona uzito kulianzisha. Mdogo wangu wa kiume alifariki usingizini akiwa na miaka 34, bila kuugua, tukamzika siku ileile pasipo uchunguzi. Tena mwezi uliopita, nikipanda ngazi za shule huku moyo ukikimbia, niliona giza nikashika ukuta, sikuanguka.

Mume wangu anasema nikiutafuta ugonjwa nitaupata. Dada yangu alitaka nisomewe; nimesomewa, na roho ilitulia, ila moyo haukusikia. Nimeelezwa kuwa kipo kifaa kinachovaliwa kifuani kwa saa 24 au zaidi na kurekodi kila pigo, na kwamba ningeweza kukipata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Huko ni nauli, malazi, na siku kadhaa mbali na kidato cha nne ambao mtihani wao wa taifa ni mwezi ujao.

Naomba unishauri. Je, nisubiri mtihani upite, au kifo cha mdogo wangu na lile giza la ngazini vinatosha kunifanya niondoke sasa? Nianze kwa kurudi kwa daktari yuleyule na kumweleza niliyoyanyamazia, au niombe rufaa moja kwa moja? Na kipimo cha damu cha tezi ya shingo, ambacho sikufanyiwa, kina maana kukifanya hapahapa kwanza?

Mwalimu,
Tanga