Mwanangu, andika yale ambayo hakuna atakayekutumia

Newala

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza hadi mwisho, nikarudia tena usiku nyumba ilipotulia. Unasema simu imejaa. Kila ukiamka unakuta jumbe za makundi ya wabanguaji wenzako wa korosho, ya wanunuzi wa ufuta na mbaazi, ya wauza vifungashio, ya watu wa bandarini, na katikati ya hayo yote juzi mteja wa Kariakoo alikuuliza mlikubaliana bei gani msimu uliopita, ukatafuta mpaka akakata simu. Umeniuliza kama ujitoe kwenye makundi yote au ununue simu yenye nafasi kubwa zaidi.

Nimeona bora nikuandikie, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na nataka uwe nalo mkononi.

Ukijitoa kwenye makundi yote utapitwa na tangazo la mnada. Ukinunua simu kubwa utakuwa umepata ghala kubwa zaidi la kurundikia vitu usivyovisoma. Mchumi wa Marekani, Herbert Simon, alieleza mwaka 1971 kwamba taarifa nazo zina kitu zinachokula, na kitu hicho ni usikivu wa anayezipokea. Zikizidi, usikivu unapungua. Mwenye biashara ndogo kama yako hana karani wa kumsomea, kwa hiyo usikivu wako ni sehemu ya mtaji wako kabisa, sawa na fedha iliyoko kwenye magunia.

Lakini angalia vizuri kilichomo ndani ya hiyo simu. Bei ya mnada wa jana kila mbanguaji wa Mtwara, Masasi na Lindi anayo, na aliipata saa ileile uliyoipata wewe. Tangazo la mashine, picha za mzigo wa mtu, uvumi wa meli inayokuja, vyote ni vya watu wote. Swali la mteja wako lilikuwa la kwenu wawili tu, na jibu lake ndilo halikuwa popote. Hapo ndipo ninapoliona tatizo lako, mama. Umekusanya mno vya watu, vyako hujaviandika.

Chukua mzigo mmoja tu. Wewe unajua korosho ghafi hupimwa kwa kukata sampuli, ikakadiriwa gunia la kilo 80 litatoa pauni ngapi za korosho safi. Gunia la pauni 48 linakupa karibu kilo 22. La pauni 45 linakupa kilo 20 na kidogo. Mtu akisikia pauni tatu anapuuza. Kwa magunia 50 pauni tatu hizo ni kilo 68 za korosho iliyobanguliwa, na kilo moja unaiuza bei gani unaijua mwenyewe. Sasa niambie: msimu uliopita mizigo ya ghala gani ilikutoa vizuri, na ya ghala gani ilikuangusha? Karatasi ya vipimo unayo. Kile kilichotoka mezani kwako hasa, baada ya kupika kwa mvuke, kubangua, kukausha na kumenya ngozi, hakimo kwenye karatasi ya mtu yeyote wala hakuna kundi litakalokutumia. Nzima nyeupe zilikuwa ngapi, vipande vingapi? Mteja anayetaka W320 anataka punje nzima 300 hadi 320 kwa pauni, na anayejua kama mzigo fulani unaweza kumtosheleza ni wewe peke yako, endapo uliandika.

Nakuandikia mfano, uone urefu wake:

«Novemba 14. Mzigo wa ghala la Tandahimba, magunia 12. Karatasi ilisema pauni 47. Tumepata kilo 243, yaani karibu pauni 45 kwa gunia. Vipande vingi. Mama anayesimamia meza ya kumenya anasema ngozi ilikuwa inang'ang'ania kwenye korosho za trei za chini, oveni haikuzifikia sawasawa. Mzigo ujao: trei zibadilishwe nafasi katikati ya ukaushaji, kisha tupime tena kabla ya kulaumu ghala.»

Basi. Ni dakika tano za kalamu. Humo kuna tarehe, mzigo umetoka wapi, karatasi ilisema nini, macho yaliona nini, nani alisema, na hatua inayofuata. Mstari wa mwisho usiuache hata siku moja. Ukiandika «vipande vingi» ukaishia hapo, mwakani utasoma usijue ufanye nini. Na andika kwa maneno yako. Ukinakili maneno ya mtu unaweza kunakili ukurasa mzima bila kuelewa, lakini ukilazimika kusema kwa kauli yako, pale usipoelewa patajitokeza papo hapo, utampigia aliyekuambia umuulize.

Sasa kuhusu kupanga, maana najua utaanza na «bei», «wateja», «mashine», kama mafaili ya ofisini. Mimi nakushauri upange kwa swali utakalokuwa nalo siku utakapolifungua daftari. Ninunue mzigo wa ghala gani? Nani nimpe mzigo kwa mkopo? Oveni ikizingua naanzia wapi? Mvua ikiwahi naanika wapi? Huku shambani ndivyo ninavyofanya. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanatufundisha kwamba salfa ni ya kuukinga mkorosho na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ndiyo maana hupulizwa mapema, maua yanapoanza, kuanzia mwezi wa sita hivi kwetu huku. Maelezo hayo mtu anaweza kunipa Desemba, tuko kwenye kuokota korosho. Siyaandiki chini ya Desemba. Nayapeleka kwenye ukurasa wa Juni, kwa sababu mwezi huo ndio nitakuwa nimesimama chini ya mkorosho nayahitaji. Maelezo ya kweli yakikaa mahali ambapo hutapita siku ya kuyahitaji, huna tofauti na asiye nayo.

Kuna mwanazuoni wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000 alizoandika maisha yake yote. Wewe huhitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Nimemtaja kwa jambo moja: kila kadi aliipa namba, na ndani ya kadi akaandika namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Lifanye hilo. Ukurasa wa mteja wa Kariakoo uandike «tazama mzigo wa Novemba 14», na kwenye mzigo uandike nani aliuchukua. Hapo utaanza kuona vitu ambavyo ukurasa mmoja hausemi. Pengine mteja anayelalamikia vipande ndiye unayempa kila mara mizigo ya ghala moja.

Msimu wa 2018 wewe ulikuwa bado shule, lakini unaukumbuka kwa namna nyumba ilivyokuwa. Novemba ile Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ile namba ilifika kila kijiji siku hiyohiyo, mpaka watoto wanaitaja. Yaliyoambatana nayo yakaja baadaye vipande vipande: uhakiki wa mashamba, nani anatambulika kuwa mkulima na nani ni kangomba, yaani mlanguzi anayenunua kwa wakulima kinyume cha utaratibu, malipo yanapita wapi. Kila kipande kilikuja na watu watatu wanaokieleza tofauti. Kazi yangu wakati ule kwenye chama cha msingi ilikuwa kujibu maswali ya wanachama, na nilichokitegemea ni karatasi yenye safu tatu: limesemwa nini, nani kalisema, mimi nimelisikia lini na kwa nani. Mzee akija na hasira namwonyesha. Hili ni tangazo la mkoa, nimelisoma mwenyewe ubaoni. Hili ni la dereva wa lori. Wengi walitulia kwa hilo tu, kujua lipi ni la kushika na lipi ni la kusubiri. Bei ikikufikia leo kwenye simu, fanya vivyo hivyo. Bei bila tarehe, bila daraja na bila jina la mnada, usiiandike kabisa.

Yaliyobaki yapepete kama ufuta kwenye ungo. Ijumaa jioni, ukishawalipa wabanguaji, kaa na simu. Ujumbe wa sauti wa dakika sita unao jambo moja, liandike kwa mstari mmoja kisha ufute sauti. Skrinshoti isiyokupa cha kuandika, futa. Kilichofowadiwa kisicho na mwenyewe, futa bila kusoma mara mbili. Makundi baki nayo mawili matatu unayoyaamini, mengine yanyamazishe, na utashangaa jinsi ambavyo jambo kubwa kweli litakufikia tu, hata kwa jirani anayepita.

Hapa Kusini tunao mfano mkubwa wa watu waliokuwa na taarifa nyingi bila kuwa na za mahali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na matrekta, wataalamu, ramani na hesabu za tani watakazosafirisha. Bandari hiyo ya Mtwara unayopita kila siku ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikapelekwa mpaka Nachingwea. Kumbukumbu ya mvua za miaka mingi ya mahali penyewe, na tabia ya udongo wa pale kiangazi kinapoingia, hawakuwa nazo za kutosha. Kongwa mvua iliwakimbia na ardhi ikakakamaa mpaka karanga hazichimbiki. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli baadaye ikang'olewa. Nalifikiria sana hilo ninapoona vijana wa biashara wanahifadhi video za ubanguaji wa Vietnam na India, wakati meza yao wenyewe hawajaipima. Video tazama, zina mafunzo. Ila oveni yako, mvuke wako, unyevu wa Mtwara mwezi wa pili, vitu hivyo havimo humo.

Na wale mama zako wa mezani. Kuna yule mtu mzima aliyebangua tangu enzi za viwanda vya zamani, anayeshika korosho ghafi na kukwambia hii bado inataka jua. Anajua kwa uzito, kwa mlio, kwa rangi ya ganda. Kaa naye. Muulize anasikia nini, aonyeshe mbili, nzuri na mbaya, halafu uandike alivyosema yeye, na jina lake uliweke pale. Usimhoji kama polisi, na siku hiyo usimpunguzie ujira kwa kilo alizokosa kubangua. Ujuzi huo ni wake. Akikupa, mpe heshima na malipo yake.

Ya wateja nayo yana adabu. Namba za simu, madeni, nani kachelewa kulipa, hayo yabaki kwako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la uungwana peke yake. Ukurasa wa madeni usiupige picha ukaurusha kwenye kundi hata kama amekuudhi kiasi gani.

Umeniuliza pia daftari au simu. Kwenye karakana tumia kaunta buku, lile gumu la kwaya tatu. Mafuta ya maganda yanaunguza, na mikono yenye mafuta hayo haifai kushika kioo cha simu, na wenzako hawatakuwa na simu yako wakitaka kuandika. Kurasa za mwanzo ziache wazi, hapo uandike maswali yako na namba za kurasa. Mwisho wa wiki zipige picha kurasa mpya, uzitunze mahali pengine mbali na karakana, maana panya na mvua havichagui. Ukipenda programu ya simu inayotafuta maneno, itumie kwa ajili ya wateja, huko inafaa kweli.

Anza na mzigo ulioko mezani leo. Usihangaike kurudi nyuma kuandika msimu uliopita wote, utachoka na kuacha. Yule wa Kariakoo mpigie, mwambie ukweli kwamba bei ya mwaka jana huipati, mkubaliane upya, na safari hii uiandike akiwa bado hewani, umsomee, akubali.

Mjomba wako anakuja huko wiki ijayo kufuata vipuri, nimempa unga wa muhogo na kaunta buku mbili. Ile ya bluu ni yako. Ya kijani mpe huyo mama wa mezani kama anajua kuandika, na kama hajui, mpe binti yake amwandikie. Kabla minada ya Oktoba haijaanza nitashuka Mtwara, nataka tuketi na kurasa zako tuone ghala lipi ulifuate kwanza.

Wasalaam,
Mama yako