Mimea ya Kutambaa kwa Uzio wa Mtwara: Ichague kwa Kiangazi, Izalishe kwa Subira

Wateja wengi wanaofika katika kitalu chetu hapa Mtwara huulizia mmea utakaofunika wavu haraka, nasi huwauliza kwanza nyumba iko upande gani wa mji na maji ya mwezi wa Agosti yatatoka wapi. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kusi huvuma juu ya udongo wa kichanga usioshika maji. Mmea uliostawi Februari bila kumwagiliwa unaweza kukauka kabla ya Oktoba.

Kwa uzio unaopigwa na jua na upepo wa bahari, sisi tunapendekeza bogonvilia. Huvumilia ukame, miiba yake huzuia mbuzi, na hutoa maua mengi zaidi ikibanwa maji kidogo kuliko ikimwagiliwa kila siku na kurundikiwa samadi. Haina vikono vya kujishikiza, kwa hiyo lazima ifungwe kwenye wavu kila inaporefuka. Asumini tunaishauri penye kivuli cha alasiri na maji ya karibu, kama vile pembeni mwa bomba.

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi ni ya pingili za bogonvilia zilizochipua vizuri, kisha zikafa. Chagua tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli, ulikate chini kidogo ya jicho katika urefu wa sentimita 15 hadi 20, uondoe majani, kisha uzike macho mawili katika kiriba cha mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, penye unyevu usiotuama. Majani ya kwanza hulishwa na akiba iliyomo ndani ya tawi lenyewe, huku chini pengine hakujatoka hata mzizi mmoja; mizizi huweza kuchukua wiki 6 hadi 12. Anayeing'oa pingili ili aitazame, au anayeihamishia juani kwa kuwa imechipua, huiua. Hata ikishika, chana kiriba kwa wembe na uliteremshe shimoni bonge zima la udongo, maana mizizi yake hukatika upesi.

Asumini ni rahisi zaidi: laza tawi la chini, likwaruze gamba, lifukie, uweke jiwe juu yake, na ulitenge na mama yake likishatoa mizizi.

Wanaotaka uzio wenye matunda huchagua karakara, na kwa joto la pwani yetu inayofaa ni ya njano, kwa kuwa ile ya zambarau hupenda nyanda za juu. Ua la karakara ya njano halirutubishwi kwa chavua yake lenyewe, wala kwa chavua ya mche uliotokana na pingili ya mmea huohuo. Ndiyo maana tunaiotesha kwa mbegu za matunda ya mimea tofauti, na hatumuuzii mteja mche mmoja pekee. Maua yake hufunguka karibu na adhuhuri na kufumba jioni, na wachavushaji wake wakuu ni nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti. Tafadhali usipulizie dawa ya wadudu saa hizo.

Pingili za bogonvilia tunazichomeka Septemba ili miche iwe tayari mvua zinapoanza, hivyo oda ni vema zitufikie kabla ya hapo, zikieleza urefu wa uzio na kama u karibu na bahari.