Kabla ya kununua antena nyingine, angalieni waya

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme jambo linalowatia watu hasara bure. Picha ikianza kugandaganda, wa kwanza kulaumiwa ni antena, wa pili king'amuzi. Mtu ananunua antena mpya, anaifunga kwa waya uleule, na picha inaganda vilevile. Mara nyingi ubovu uko kwenye sentimita mbili za mwisho za waya, kule juu kwenye nguzo au huku chini sebuleni.

Enzi za analojia ubovu huo ulivumilika: ulipata chenga, lakini taarifa ya habari uliiona. Mitambo hiyo ilipozimwa Dar es Salaam 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata, uvumilivu huo uliisha. Mawimbi ya dijitali yakipungua kidogo tu chini ya kiwango, picha inavunjika vipande, sauti inakatika, kioo kinabaki cheusi.

Tuanze na waya wenyewe. Ule wa nyuzi mbili wa spika, ambao baadhi ya mafundi wenzetu bado wanaupandisha juu ya bati, haufai hata kwa mita tano. Hauna ngao, kwa hiyo unapoteza mawimbi njiani na kuokota kelele za pikipiki na chaja za simu. Nunua kebo ya antena ya omu 75, aina ya RG6. Ukiikata utakuta waya wa kati wenye unene wa milimita 1 hivi, povu jeupe, karatasi ya alumini, wavu wa nyuzi, kisha ganda. Ganda jeusi huhimili jua kuliko jeupe. Hata RG6 nzuri, kwa mita 20, hupoteza takribani desibeli 4 kwenye masafa ya UHF yanayobeba matangazo ya televisheni, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Ile akiba ya mita kumi iliyoviringishwa nyuma ya televisheni ikatwe.

Kufunga konekta ya F, yaani kile kichwa cha chuma cha kuskrubu kwenye ncha ya waya, kunataka utulivu. Chuna ganda milimita 13 bila kugusa wavu, kisha ukunje wavu wote kurudi nyuma juu ya ganda. Karatasi iliyoshikana na povu iache. Sasa kata povu pamoja na karatasi yake, milimita 7 kutoka nchani, ubaki waya wa kati mtupu. Kisu kikiukwaruza, kata uanze upya, maana hapo ndipo utakapovunjikia. Sukuma konekta hadi povu lilingane na sakafu yake ya ndani, na waya wa kati utokeze ukingoni milimita 2 au 3. Ukiwa mfupi haugusi. Ukiwa mrefu unaharibu tundu. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati, ni shoti. Antena yenye kikuza mawimbi hupata volti 5 kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya huohuo, kwa hiyo shoti ikiwepo kikuza hakifanyi kazi kabisa. Kama antena haina kikuza, zima volti hizo kwenye menyu.

Pima kwa mita ya umeme (multimita) ikiwa kwenye alama ya mlio, waya ukiwa umechomolewa ncha zote mbili: kati ya waya wa ndani na wavu isilie, maana ikilia ni shoti. Usipime antena ikiwa imeunganishwa. Nyingi zina koili ndani ambayo hulia kama shoti, na fundi asiyejua huitupa antena nzima.

Kwenye antena zenye kisanduku cha skrubu mbili, waya wa kati unabanwa na skrubu moja, wavu na nyingine, visikutane. Tundu dogo lililo chini ya kisanduku ni la kutolea maji, usilizibe. Konekta ya nje izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu, ili mizunguko ipandane kama vigae na maji yateremke. Silikoni inayonuka siki usiitumie, kwani asidi yake hula shaba. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee hapo. Huku pwani hewa ya chumvi hugeuza wavu wa alumini kuwa unga mweupe. Ukiuona, kata nyuma hadi ufikie wavu unaong'aa.

Kikuza mawimbi kikae juu kwenye nguzo. Kikiwekwa nyuma ya televisheni kinakuza na kelele zilizokwisha kuingia. Anayekaa karibu na mnara hakihitaji, na kinaweza kumharibia picha. Kigawanyio cha televisheni mbili huipa kila moja chini ya nusu ya mawimbi, basi usikifunge kama televisheni ni moja. Na nguzo ya bomba la chuma isisimamishwe mahali ambapo ikianguka itafikia nyaya za umeme.

Wenye maduka tunawaomba waache kuuza antena za nje zikiwa na waya mwembamba uliokwisha kufungwa pini kiwandani. Uzeni antena peke yake, kebo kwa mita, na konekta mbili za kubana zikiwa kando.

Mafundi wa redio na televisheni,
Tanga