Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Makontena matupu yanashuka Mtwara, yetu yaliyojaa yanashushwa Dar

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mtwara. Nauza vifaa vya ujenzi hapa mjini: marumaru, masinki, koki, vitasa. Mzigo wangu mwingi natoa China, na shida yangu haiko baharini. Inaanza meli ikishafunga gati.

Kila msimu wa korosho, minada ikishaanza Oktoba, meli huletwa hapa na makontena matupu kufuata korosho za kwenda Vietnam na India. Siku hizo hizo kontena langu lililojaa linashushwa Dar es Salaam, linapandishwa kwenye semi, linavuka Rufiji, Somanga, Nangurukuru na Mingoyo, zaidi ya kilomita 500 mpaka mlangoni kwangu. Nikishapakua, linarudishwa tupu Dar kwa gharama yangu, kwa sababu wakala wa meli ndiko alikoandika lirudi. Yaani kontena tupu linatoka Mtwara kwa lori wakati jingine tupu linaingia Mtwara kwa meli, na wanunuzi wa korosho wanalalamika kwamba makontena hayatoshi! Nikimsimulia mtu asiye wa biashara hii hudhani natania.

Marumaru, Mheshimiwa, hujaza kontena kwa uzito kabla ya nafasi. La futi 20 linafika tani 27 na juu ya maboksi bado pana nafasi ya kijana kutambaa. Mzigo wa namna hiyo baharini umetulia. Barabarani kila shimo linadai chake. Lori huingia usiku, tunakata lakiri kwa mwanga wa simu, na maboksi ya chini karibu na mlango yanatoka yakilia kama njuga. Hapo hujauliza, unajua. Dereva naye anakuhimiza umalize alfajiri, maana siku za kontena, zile tunazopewa kukaa nalo bila kutozwa, zinahesabiwa.

Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya kusini pale Somanga, malori yalikwama. Siku za kontena hazikukwama. Ankara ya ucheleweshaji ilikuja kama kawaida, kwa dola, na wakala aliyeituma, ambaye simtaji, alinijibu kuwa habari za barabara hazimo kwenye mkataba. Kweli hazimo.

Utaniuliza kwa nini nisiagize mzigo ushuke Mtwara moja kwa moja. Nimeomba zaidi ya mara moja. Jibu huwa ama hakuna ratiba, ama nauli ambayo ukiijumlisha unaona afadhali semi. Na jambo hili halirekebishiki njiani. Bandari ya kushushia huandikwa kwenye hati ya shehena meli ikipakiwa kule. Ukitaka kuibadilisha baadaye unalipia, na mara nyingi umechelewa. Kwa hiyo mfanyabiashara anatakiwa ajue kuna meli ya Mtwara kabla hajamlipa muuzaji, si baada ya kuambiwa mzigo umeondoka.

Wenzangu wengi wananunua kwa bei ambayo nauli imo ndani, basi meli anaichagua muuzaji wa kule. Yeye anatafuta nauli ndogo mpaka Dar, anamaliza kazi yake. Mengine yote, ada ya hati, usafishaji wa kontena, dhamana, tunakutana nayo huku. Ukinunua kwa FOB, yaani bei isiyo na nauli ya meli, unachagua meli mwenyewe, na mimi nimehamia huko, lakini uchaguzi wenyewe una faida gani kama kila kampuni inaishia Dar?

Hatuombi bandari mpya. Gati la mita 300 lipo, serikali imetumia zaidi ya shilingi bilioni 157 kulijenga, na kina cha bandari hii ni cha asili. Mafuta yanashuka hapa, salfa ya mikorosho inashuka hapa, makaa ya mawe ya Ruvuma yanapakiwa hapa. Bandari yenyewe ilijengwa baada ya Vita vya Pili ili kutoa karanga za Nachingwea, karanga ambazo hazikuja, na naona mazoea ya kuifikiria kama mlango wa kutokea tu hayajaisha.

Tunachoomba kiko ndani ya uwezo wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililo chini ya wizara yako. Kampuni inayoleta makontena matupu Mtwara itangaze mapema tarehe za meli zake na ipokee mizigo ya kuja huku, kwa nauli iliyoandikwa wazi pamoja na ada zake zote. Na kontena lililopakuliwa Mtwara, Masasi au Newala lipokelewe hapa hapa likaguliwe.

Kampuni za meli zina hoja, nisiwaonee. Korosho hazipakiwi kwenye kontena lenye unyevu au harufu ya rangi, na makontena yetu machache peke yake hayaleti meli. Lakini la marumaru likifagiliwa ni kavu, na meli tunayoizungumzia inakuja hata hivyo.

Wapo pia wanaochangia kontena: mama wa vitenge, fundi anayeagiza mashine moja ya cherehani. Hawa hata wakitaka Mtwara, hawana mahali pa kugawia mzigo wao hapa, wanaishia maghala ya Dar. Suala lao linahitaji barua yake.

Ratiba hiyo, Mheshimiwa, tungeihitaji Juni. Mzigo ninaoulipia Julai, kiwanda kikichukua mwezi na bahari mwezi na ushei, ndio unaoweza kupanda meli inayofuata korosho Oktoba. Ikitangazwa Septemba, msimu huu nao nitakodi semi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Mtwara Mjini