Asante kwa mkalimani wetu tusiyemtaja

Kwako uliyeomba jina lako lisiandikwe: asante sana. Habari za wahamiaji na maafa hutoka na jina la mwandishi, lakini usahihi wake ulikuwa mikononi mwako. Ulitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa nafsi ya kwanza, bila kufupisha. Muhtasari kama "Anasema walipata shida" si ushahidi.

Ulilinda maneno pia. Aliyevuka mpaka kwa hofu ya kuteswa kwa sababu ya kabila, dini au siasa ni mkimbizi kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Aliyehamishwa na mafuriko akabaki nchini mwake ni mkimbizi wa ndani, na mkataba huo haumhusu. Wahariri wengi huwachanganya, inasikitisha.

Kwenye idadi ya vifo ulisisitiza tuulize: nani kahesabu, saa ngapi? Takwimu za hospitali zikijumlishwa na za serikali, marehemu mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili. Waliopotea uliwahesabu kando, si pamoja na waliokufa.

Na zile picha! Kabla hazijatumwa, ulifuta taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya faili. Kati ya waliopigwa picha, wapo wanaosakwa mpaka leo. Mungu akulinde, ndugu yetu.